Ahadi kwa Mchezo wa Bure

Vijana wa Migori na Homa Bay wakitaka kuutia mchezo wa ajua, bao la Wajaluo, katika kompyuta na kuutoa bure, itawabidi wapange madaraja ya ahadi: shilingi 50, 500, 5,000. Hapo nami mwanaisimu naingilia. Katika harambee zetu atoaye maelfu hutajwa kwa jina. Mwenye hamsini huishia katika “na wengineo”. Neno baya hilo! M-Pesa ilianza mwaka 2007, na sasa hamsini yaweza kutumwa kwa simu kila mwezi. Watoaji mia wa namna hiyo ni 5,000, wala hawaondoki wote siku moja, kama aondokavyo mheshimiwa mmoja aliyenuna. Waitwe kwa majina. Na daraja la juu lisiuze kanuni: mzee wa Rongo asiambiwe kete sasa huzungushwa vingine kwa kuwa tajiri ametaka.