Sayari Saba Zinazopishana kwa Hesabu

Nyota iitwayo TRAPPIST-1, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 40 katika kundi la nyota la Ndoo, hupita karibu na utosi wa anga la Butembo na Beni, kwa kuwa miji hiyo iko kaskazini kidogo tu ya Ikweta na nyota yenyewe iko nyuzi 5 hivi kusini yake. Hata hivyo ni hafifu mno, na haionekani bila darubini kubwa. Februari 2017, watafiti walioongozwa na Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walitangaza kwamba inazungukwa na sayari saba zenye ukubwa unaokaribia ule wa Dunia, zilizosongamana kiasi kwamba zote zingeenea ndani ya njia ya Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na Jua.

Msongamano huo ulizua swali gumu, kwani kila sayari huvuta jirani zake kwa nguvu ya mvutano, na hesabu za mwanzo zilionyesha mfumo huo ukisambaratika kabla ya kutimiza miaka milioni moja, ilhali nyota yake inakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 7. Jibu limo katika resonansi ya obiti, yaani hali ambapo muda wa mzunguko wa sayari moja na ule wa jirani yake huwiana kwa namba nzima ndogo: sayari ya kwanza huizunguka nyota kwa siku 1.51 na ya pili kwa siku 2.42, hivyo ya kwanza inapomaliza mizunguko 8 ya pili huwa imemaliza karibu 5. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga sombe katika kinu kimoja: michi haigongani, si kwa sababu nafasi ni kubwa, bali kwa sababu kila mmoja una zamu yake.

Wiano hizo zilikuwa thabiti kiasi kwamba Rodrigo Luger na wenzake walizitumia kubashiri muda wa mzunguko wa sayari ya saba, na chombo cha angani cha Kepler kikathibitisha: siku 18.77.

Lakini resonansi si mlinzi siku zote. Katika ukanda wa asteroidi, mawe yanayozunguka Jua mara 3 kila sayari ya Mshtarii inapozunguka mara 1 husukumwa hadi yakafukuzwa, na mahali pao pakabaki pengo, jambo lililotambuliwa na Daniel Kirkwood katika karne ya 19. Kinachoamua, basi, ni jinsi sayari zilivyoingia katika mpango huo. Daniel Tamayo na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba sayari zilizosogea polepole ndani ya sahani ya gesi iliyoizunguka nyota changa hujipanga zenyewe katika wiano zinazodumu.

Walimu wa Butembo na Beni wenye darubini ndogo wanaweza kuwaonyesha wanafunzi mfano ulio karibu zaidi, yaani miezi ya Mshtarii: kwa muda uleule Io huizunguka sayari hiyo mara 4, Europa mara 2 na Ganymede mara 1, na kuchora mahali ilipo kila usiku husaidia kuliona hilo.