Kesi ya bahari yetu na Somalia: Maneno matano ya kuelewa siasa za mataifa

Tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) iliyoko The Hague, Uholanzi, ilisoma hukumu ya kesi ya mpaka wa bahari baina ya Kenya na Somalia. Maswali mawili yamebaki barazani tangu hapo. Je, tulishindwa? Na kama tulishindwa, mbona serikali ilisema haiitambui hukumu hiyo na hakuna aliyeishika mkono?

Ndugu msomaji, majibu yamo katika maneno matano ambayo mwanafunzi wa mahusiano ya kimataifa hufundishwa mwanzo kabisa. Maneno hayo yamhusu pia mtu wa Kiunga, wa Kizingitini na wa Amu, kwa kuwa bahari ndiyo shamba lake.

Neno la kwanza ni dola. Dola ni nchi yenye mipaka, watu wake, serikali yake na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Usiichanganye na taifa, ambalo ni watu wanaojiona wamoja kwa asili, lugha na historia. Mara nyingi viwili hivi havilingani. Wabajuni wako Lamu na wako Kismayu. Hadi 1925 Kismayu na Jubaland yote ilikuwa chini ya Mwingereza pamoja na Kenya, kisha akaikabidhi Italia. Ukoo mmoja ukajikuta una mipaka katikati yake bila kuulizwa. Mzozo wa bahari ulianzia kwenye mpaka huo wa nchi kavu.

Neno la pili ni mamlaka kamili, yaani dola kuwa na kauli ya mwisho ndani ya mipaka yake. Baharini mamlaka haya yana vipimo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 huipa nchi ya pwani maili 12 za baharini ambazo ni sehemu ya nchi yenyewe, ingawa meli za kigeni zaweza kupita kwa amani. Kutoka hapo hadi maili 200, nchi hiyo ina haki ya samaki, mafuta na gesi. Nchi mbili zikiwa jirani, maji yao hukutana, na lazima mstari uchorwe.

Kenya ilitaka mstari unyooke moja kwa moja kuelekea mashariki, kama ilivyotangaza mwaka 1979. Mpaka wetu na Tanzania nao, upande wa kusini, unaelekea mashariki vivyo hivyo kwa makubaliano ya 1976. Somalia ilitaka mstari wa kati, ulio umbali sawa kutoka pwani ya kila nchi, na ambao huteremka kusini mashariki. Baina ya mistari hiyo miwili pakatokea pembetatu ya takriban kilomita mraba 100,000.

Neno la tatu ni maslahi ya taifa. Dola hupima kila jambo kwa faida na usalama wake, na urafiki huja baadaye. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia kupigana na al-Shabaab. Agosti 2014, serikali ya Somalia, ambayo ilikuwa ikipigana na al-Shabaab hao hao, ilitupeleka mahakamani. Msomi wa mambo haya hashangai. Nchi hizo zilikuwa na adui mmoja nchi kavu, lakini baharini kila moja ilikuwa na hesabu zake. Desemba 2020 Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kenya, na Mei 2021 ukarejeshwa kwa usuluhishi wa Qatar.

Neno la nne ndilo gumu zaidi, nalo ni kukosekana kwa mkuu. Mtaani ukidhulumiwa, kuna chifu, kuna polisi, kuna hakimu. Baina ya dola hakuna serikali iliyo juu ya serikali. ICJ ina majaji 15 lakini haina askari hata mmoja, na haiwezi kuihukumu dola ambayo haikuridhia. Kenya ilikuwa imeridhia mwaka 1965, ndiyo maana ilifikishwa hapo. Ilijitetea kwamba hati ya maelewano ya 2009 ilizitaka nchi hizi zimalize jambo lenyewe nje ya mahakama, lakini mwaka 2017 majaji wakasema kesi iendelee. Machi 2021 Kenya ikasusia vikao, na Septemba mwaka huo ikaondoa ridhaa yake ya 1965. Hatua hiyo haikuigusa kesi iliyokuwa tayari mbele ya majaji. Hukumu ilipotoka, Rais Uhuru Kenyatta aliikataa.

Hukumu ya ICJ haina rufaa. Aliyeshindwa akikaidi, aliyeshinda aweza kwenda Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Huko nako dola tano, yaani Marekani, Urusi, Uchina, Uingereza na Ufaransa, zina kura ya turufu, na moja ikikataa azimio huanguka.

Neno la tano ni nguvu, na hapa wasomi hugawanyika. Wahalisia husema kama wahenga wetu: mwenye nguvu mpishe. Kwao, sheria hufuatwa pale inapomfaa mkubwa. Waliberali hujibu kwa methali nyingine: ahadi ni deni. Kwao mikataba, biashara na taasisi huzifanya dola zione hasara ya kugombana.

Kesi yetu yawapa haki wote wawili. Kenya iliweza kukataa hukumu na hakuna aliyeilazimisha. Lakini pia nchi hizi hazikwenda vitani kwa ajili ya mstari huo, na mwaka 2024 Somalia ikaingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki na kukaa meza moja na Kenya.

Basi tulishindwa? Kisheria, sehemu kubwa ya pembetatu ilikwenda Somalia. Lakini majaji waliusogeza ule mstari wa kati kidogo kwa faida ya Kenya, kwa kuwa pwani yetu imebanwa baina ya Somalia na Tanzania. Walikataa pia dai la Somalia kwamba Kenya ilikuwa imevunja sheria za kimataifa. Kwa vitendo, hukumu isiyo na askari hungoja maelewano ya wenyewe kwa wenyewe.

Hapo ndipo penye deni kwa watu wa Pwani. Serikali ikisema haiutambui mstari, na jirani akisema anautambua, mvuvi anayetia mashua maji Kiunga afuate upi? Akikamatwa, nani atamtetea? Mamlaka kamili yakiishia kwenye bendera na hotuba, bila kumlinda mwenye nyavu, yana faida gani kwake?

Katiba yetu imeweka sera za nje mikononi mwa serikali ya kitaifa, na uvuvi ni kazi ya kaunti. Mpaka utazungumzwa Nairobi na Mogadishu, lakini atakayeumia ni mtu wa Lamu. Sheria ya mikataba ya mwaka 2012 yataka Bunge lijadili na wananchi washirikishwe kabla mkataba haujaridhiwa. Yakija makubaliano yoyote ya bahari hii, wabunge wetu na magavana wetu wana wajibu wa kuhakikisha wavuvi wa pande zote mbili wamewekewa kifungu chao: wapi wavue, wapi wakimbilie dhoruba ikiwakuta, na watendewe vipi wakivuka mstari ambao machoni hauonekani. Nasi tuna wajibu wa kuwauliza mapema, kabla wino haujakauka.