Salmonella ya nani? Nguruwe, kuku na mtoto mwenye homa

Ukiishi Kyela huhitaji kuelezwa habari ya maji ya Machi na Aprili. Mvua ya Rungwe inateremka na Kiwira, Mbaka na Lufilyo, mashamba ya mpunga yanageuka bwawa, na kilichokuwa kwenye banda la nguruwe, zizi la ng'ombe na choo cha shimo kinaanza safari moja kuelekea Ziwa Nyasa. Siku chache baadaye mtoto wa jirani anachemka homa. Lawama zinaanza: mmoja anasema ni kitimoto cha sokoni, mwingine anasema ni kuku wanaolala jikoni, wa tatu anasema ni maji tu. Nani yuko sahihi? Kwa kundi moja la bakteria, Salmonella, jibu tunaweza kulisoma kwenye DNA yao. Na jibu lenyewe linashangaza kidogo.

Kwanza tuelewane: Salmonella si mdudu mmoja. Ni ukoo wenye aina zaidi ya 2,500, na kila aina ina tabia zake. Aina iitwayo Typhi, ile inayoleta homa ya matumbo (taifodi), huishi kwa binadamu peke yake. Ukiugua taifodi, usimsingizie nguruwe, maana chanzo ni kinyesi cha mtu mwingine kilichofika kwenye maji au chakula chako. Aina nyingine, Typhimurium, haichagui: kuku, ng'ombe, nguruwe, panya, mtu, kote inaingia. (Jina lake lina maana ya taifodi ya panya, maana kwa panya wadogo inaleta ugonjwa unaofanana na taifodi ya binadamu.)

Tofauti hii inaonekana kwenye vinasaba. Mwaka 2001 wanasayansi walisoma jenomu nzima ya Typhi, wakakuta zaidi ya jeni 200 ambazo zimekufa. Zipo, ukizisoma unazitambua, ila herufi zake zimeharibika na hazifanyi kazi tena. Mfikirie mvuvi wa Matema aliyehamia mjini akawa fundi cherehani. Nyavu zake ziko darini, zimeliwa na panya, na hana haja ya kuzishona kwa sababu haendi tena ziwani. Typhi naye alipohamia moja kwa moja kwa binadamu, vifaa vya kuishi kwenye matumbo ya wanyama wengine vikaozea darini.

Sasa shika hilo, twende Blantyre, Malawi, kusini mwa ziwa letu. Mto Shire unaotoka Ziwa Nyasa unapita magharibi mwa mji huo, kwa hiyo ni majirani zetu wa maji. Madaktari wa pale walikuwa na tatizo la muda mrefu. Kwa kawaida Typhimurium inaleta kuharisha na kutapika, siku chache yameisha. Lakini watoto wadogo wenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo, na watu wazima wenye VVU, walikuwa wanafika hospitali na Typhimurium ndani ya damu. Wengi hawakuwa wanaharisha kabisa. Walikuwa na homa tu, na wengi walikufa.

Mwaka 2009 jenomu ya bakteria mmoja aliyetoka kwenye damu ya mtoto wa Blantyre ilichapishwa. Tawi lake likapewa jina ST313. Nduguye anayesambaa duniani kwenye mifugo na vyakula anaitwa ST19. Wote wawili ni Typhimurium, lakini wanatofautiana kwa mamia ya herufi, na ST313 alikuwa ameanza kuua jeni zake mwenyewe. Baadhi ya jeni zilizokufa ni zilezile alizoziua Typhi. Kwa maneno mengine, ni kama tulimkamata mvuvi yuko njiani, mzigo begani, anahamia mjini.

Kuna jambo moja hapa ambalo sisi hatuchoki kulisimulia. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba herufi moja tu, kati ya takriban milioni 4.9 za jenomu ya ST313, imebadilika mahali panapowasha jeni iitwayo pgtE. Jeni haikubadilika, ila swichi yake inawaka kwa nguvu zaidi. Matokeo yake bakteria anatengeneza kwa wingi protini inayomsaidia kutouawa na kinga iliyomo kwenye majimaji ya damu yetu. Herufi moja!

Tunajuaje basi nani kamwambukiza nani? Tunahesabu tofauti. Jenomu ya Salmonella hii hubadilika kwa herufi moja au mbili hivi kwa mwaka. Bakteria wa mtoto na wa nguruwe wakitofautiana kwa herufi tatu, hao wameachana juzi. Wakitofautiana kwa mia tano, huyo nguruwe mwache, hana kesi.

Hata kabla kusoma jenomu nzima hakujawa rahisi, Samuel Kariuki na wenzake nchini Kenya walijaribu jambo kama hili kwa kukata DNA na kulinganisha vipande. Waliwafuata nyumbani watoto waliougua, wakapima ndugu zao, mifugo na mazingira. Ripoti yao ya 2006 ilieleza kwamba bakteria waliofanana na wa mgonjwa walipatikana zaidi kwa ndugu zake. Wale wa mifugo walikuwa tofauti. Dalili ni kwamba mtu anampa mtu.

Ila usiharakishe kufunga jalada. Mwaka 2013 ST313 alijaribiwa kwenye kuku maabara, na akawaambukiza vizuri tu, akapenya mpaka kwenye viungo vya ndani. Kumbe mlango wa banda haujafungwa. Tena utafiti wa kaya 99 za Nairobi, uliosoma jenomu 1,338 za bakteria mwingine, E. koli, ulionyesha kwamba watu na mifugo wanapogawana bakteria, hutokea hasa ndani ya kaya ileile. Kwa hiyo kuku wako mwenyewe ana nafasi kubwa kuliko wa kijiji cha pili. Kisu kilichokata nyama mbichi kioshwe kwa sabuni kabla hakijagusa kachumbari, na kitimoto kiive mpaka ndani.

Na dawa je? Uchambuzi wa 2012 uligundua matawi mawili ya ST313 barani Afrika. La pili lilimfukuza la kwanza, na inaelekea kilichompa nguvu ni usugu dhidi ya kloramfenikoli, dawa iliyotumika sana hospitalini. Ndiyo maana yale mambo ya kununua "rangi mbili" dukani, ukameza nusu, nusu ukawapa kuku, yanatutisha kuliko usipa ulioanikwa mchangani.

Kuhusu vipimo, jihadhari na Widal. Kinapima kinga ya mwili dhidi ya alama za Typhi, na baadhi ya alama hizo Typhimurium anazo pia. Unaweza kuambiwa una taifodi kumbe ni ndugu yake, au ni kinga ya ugonjwa wa zamani. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, ambacho kinachukua siku kadhaa na hakipo kila zahanati.

Kuna njia nyingine ya kumpunguza mdudu huyu, na haipitii jikoni. Malaria inapopasua chembe nyekundu, kinachomwagika humo kinadhoofisha askari weupe ambao kazi yao ni kuua Salmonella. Muheza, Tanga, kati ya 2006 na 2010, malaria ilipopungua kwa watoto waliolazwa hospitali, Salmonella kwenye damu nayo ilishuka. Kwa Kyela yenye mbu wa mashamba ya mpunga, chandarua cha mtoto kinahesabika kwenye vita hii pia.