Maneno Yanayopotea Njiani

Mtaalamu wa tiba ya usemi amepanga vibao vya mbao mezani. Anagonga kimoja, cha pili, cha tatu. Mtoto mwenye sindromu ya Down anamwangalia, kisha anavigonga kwa mpangilio uleule. Sasa mtaalamu anatamka taratibu: tano, mbili, nane. Mtoto anajibu "nane", ananyamaza.

Majaribio ya aina hii yamefanywa mara nyingi, na matokeo yanafanana: watu wengi wenye sindromu hii hukumbuka walichokiona vizuri kuliko walichokisikia. Mwanasaikolojia Alan Baddeley, ambaye pamoja na Chris Jarrold aliandika kuhusu tofauti hiyo mwaka 1997, ndiye aliyewahi kueleza na Graham Hitch, mwaka 1974, jinsi akili inavyoshikilia mambo kwa muda mfupi. Sauti tulizozisikia hufifia baada ya kama sekunde 2, isipokuwa tuzirudie kimoyomoyo, kama mtu aliyetajiwa namba ya simu naye hana kalamu. Kwa watu wenye sindromu ya Down, inayotokana na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21, nafasi ya kushikilia sauti hizo ni finyu.

Je, si masikio tu? Ni kweli kwamba matundu ya masikio yao mara nyingi huwa membamba, na majimaji mazito hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, ndiyo maana tiba yoyote ya usemi inapaswa kuanza kwa kupima usikivu. Lakini watafiti walipozingatia usikivu, na hata walipomwezesha mtu kujibu bila kulazimika kutamka orodha, upungufu ulibaki palepale.

Nyumbani jambo hili huonekana hivi: "Nenda kaniletee kikapu chekundu kilicho nyuma ya mlango, halafu umwite bibi." Bibi anapotajwa, kikapu kimeshapotea. Mtoto anasimama katikati ya chumba, na mtu mzima anasema huyu ni mkaidi. Inauma kusikia hivyo, kwa sababu mtoto ametii kwa kadiri sentensi ilivyomfikia. Akiambiwa "Lete kikapu", akasubiriwa, akaonyeshwa kwa mkono upande wa mlango, anakileta.

Wengi hudhani dawa ni kumkaririsha tarakimu mpaka kumbukumbu ipanuke. Mazoezi ya namna hiyo huweza kumfanya awe hodari wa zoezi lenyewe, lakini faida haivuki kwa urahisi hadi kwenye mazungumzo. Utafiti wa mwaka 2013 uliotumia michezo ya kompyuta kwa watoto wenye sindromu ya Down uliona kumbukumbu ya kuona ikiimarika, ya maneno haikufuata.

Kwa maoni yangu, njia yenye matumaini zaidi ni ya kupitia machoni. Mwaka 1980 baba mmoja Mwingereza, Leslie Duffen, alimwandikia mwanasaikolojia Sue Buckley wa Portsmouth kwamba binti yake Sarah, mwenye sindromu ya Down, alianza kufundishwa kusoma akiwa na miaka 3, na kwamba kusoma kulimsaidia kusema. Buckley aliifuata habari hiyo kwa utafiti wa miaka mingi. Neno lililoandikwa halifutiki baada ya sekunde 2. Mtoto anaweza kulirudia kwa jicho mara nyingi kadiri anavyotaka. Mwaka 2012 jaribio la Uingereza lililohusisha watoto 57 lilionyesha kwamba mafunzo ya kila siku ya kusoma na lugha yaliinua usomaji wao wa maneno na msamiati waliofundishwa, ingawa hayakuinua kila kitu.

Anayefundisha kwa Kiswahili ana bahati: tunaandika tunavyotamka, na ba-be-bi-bo-bu zinamfikisha mtoto mbali. Kadi tatu zinatosha kuanzia: Mama, anapika, wali. Mtoto anapitisha kidole juu ya kila kadi huku akisema. Akizoea, mtaalamu anageuza kadi ya mwisho kifudifudi, na mtoto anaisema sentensi nzima bila kuiona kadi hiyo. Kisha inageuzwa ya pili. Zote zikishageuzwa naye bado anaisema bila kukwama, ndipo inaongezwa kadi ya nne: "wa nazi". Kazi hii haina umri wa kuachwa. Vijana na watu wazima nao huendelea kuongeza kadi.