Kwa Nini Bomba la Mvuke Huungua?

Mama akiweka sufuria ya maharagi juu ya mbabula, makala yanawaka masaa matatu au mane na sufuria haipati shida yoyote. Lakini siku moja anaenda kuteka maji, anakutana na jirani, mazungumzo yanakuwa marefu. Anaporudi, nyumba nzima inanuka. Maharagi yameungua, na chini ya sufuria pamekuwa peusi, pengine pamepinda. Makala ni yale yale, mbabula ni ile ile. Nini kimebadilika? Maji yameisha. Wakati maji yalikuwa ndani, yalichukua joto la moto na kuondoka nalo kama mvuke, na chuma cha sufuria hakikuweza kupita sana nyuzi 100. Maji yalipokwisha, joto likakosa wa kulibeba. Likabaki ndani ya chuma.

Shika jambo hilo, maana leo tunazungumza juu ya mabomba yanayoishi ndani ya moto mkubwa kuliko ule wa mbabula, na ambayo hayana hata tone la maji ndani yake.

Ukitoka Mutarule, ukapita Luberizi na Sange kuteremka Uvira, kabla ya kufika mjini unapita upande wa Kiliba. Kiwanda chake cha sukari kilisimama mwaka 1996 vita ilipofika. Wazazi wengi wa bonde la Ruzizi walilipa masomo ya watoto wao kwa mshahara wa pale. Tangu wakati huo habari za kukifufua zimesikika mara nyingi, na vijana wamechoka kungoja. Wengi wameenda kwenye mashimo ya dhahabu. Lakini fikiri kidogo: siku kiwanda kama hiki kinapowashwa tena, ni nani atasimama mbele ya boila, ile ambayo wazee wetu huita shodieri? Mtu aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1996 sasa ana miaka kama 60. Usipokaa naye leo kumwuliza, kesho utamwuliza nani?

Kiwanda cha sukari kinaishi kwa mvuke. Miwa inasagwa, maji yake matamu yanaenda kupikwa, na makapi makavu yanayobaki yanarudi kuwa kuni za boila. Ndivyo wanavyofanya Kwilu-Ngongo kule Kongo ya magharibi, na ndivyo wanavyofanya jirani zetu wa Burundi kule Moso. Mvuke unazungusha mashine za kusaga na za umeme, kiisha ule uliochoka unapelekwa kuchemsha maji ya miwa. Hakuna kinachotupwa.

Ndani ya boila, maji yanapita katika mabomba yaliyozunguka moto. Mvuke unapanda hadi kwenye pipa kubwa la chuma lililoko juu. Lakini mvuke huo bado una unyevu. Ukiupeleka hivyo kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, matone yake yanapiga vyuma kama changarawe. Kwa hiyo mvuke unarudishwa mara ya pili motoni, ndani ya mabomba mengine yaliyokunjwa kama pini ya nywele, ili ukauke na kuongezwa joto. Mvuke wa presha ya bari 20 ukitoka kwenye pipa una nyuzi kama 212. Ukipita katika mabomba hayo ya kukausha unaweza kufika 300 na zaidi. Na moto wa makapi unaowaka pembeni unaweza kufika nyuzi 1,000. Sasa, chuma cha kawaida cha boila kikipita nyuzi 450 hivi, kinaanza kuchoka na kulegea.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Nje 1,000, ndani 300, na chuma katikati kisipite 450. Ni nini kinachokizuia kisipite? Si unene wake. Kinachokiokoa ni mvuke unaotembea ndani yake, basi. Na mvuke si mbebaji hodari kama maji. Maji yanayochemka yananyang'anya chuma joto haraka sana, mvuke unachukua polepole. Kwa hiyo usipotembea, hata kwa dakika chache, bomba limekuwa ile sufuria ya mama.

Wengine hudhani bomba huharibika siku kiwanda kinapofanya kazi sana. Kumbe mara nyingi linaumia siku kazi inapoanza. Asubuhi boila ni baridi. Moto umewashwa, lakini maji hayajachemka, kwa hiyo hakuna mvuke wa kupita katika mabomba ya kukaushia. Yako motoni yakiwa matupu. Juu ya hayo, kwenye mikunjo ya chini kunaweza kuwa na maji yaliyoganda kutoka mvuke wa jana, yamekaa kama kizibo. Hata mvuke ukija, bomba lenye kizibo haliupitishi, linaachwa linaungua huku wenzake wanapoa.

Kwa hiyo fundi mwenye akili, kabla hajawasha, anafungua vali za kutolea maji na ile ya kutolea mvuke nje mwisho wa mabomba hayo. Mvuke wa kwanza hauendi kwenye mashine, unaenda mbinguni. Mtu asiyejua atalia: mbona mnatupa mvuke? Hautupwi, unafanya kazi ya kupoza. Moto nao unawekwa mdogo, unaongezwa pole pole. Kwenye boila nyingi mpaka unaotajwa ni kwamba moshi unaofika kwenye mabomba hayo usipite nyuzi 540 hivi mpaka mvuke uanze kutembea sawasawa. Vali ile ya nje haifungwi mpaka mashine zimeanza kuchukua mvuke.

Hapo ndipo kuna mashindano ya kweli, na hayako kwenye kitabu. Miwa imekatwa, malori yamepanga mstari, mkubwa anatazama saa na kusema, kijana, ongeza moto. Utafanya nini? Mimi naona haraka ya wakubwa imeunguza mabomba mengi kuliko moto wenyewe. Fundi mzuri anajibu kwa heshima: «Ndiyo mkubwa, lakini mvuke bado hautembei.» Na anabaki na moto wake mdogo.

Hatari ya pili ni kusimama ghafla. Miwa imekwama kwenye mashine ya kusaga, kila kitu kinasimama, hakuna anayechukua mvuke. Lakini tumboni mwa boila makapi yanaendelea kuwaka. Huwezi kuyazima kama taa. Waliotengeneza boila walifikiria saa hiyo. Kwenye pipa la juu kuna vali za usalama, na mwisho wa mabomba ya kukaushia kuna nyingine. Ile ya mwisho hupangwa ifunguke kwa presha ndogo kidogo kuliko zile za pipa. Kwa nini? Ili ikifunguka ya kwanza, mvuke unaokimbia ulazimike kupita katika mabomba yote kabla ya kutoka nje, na kuyapoza. Zikifunguka za pipa kwanza, mvuke unatokea huko juu, na mabomba yanabaki bila mlinzi. Sasa anakuja mtu anasema vali ile ya mwisho inapiga kelele mno, anaikaza, au anaifunga kwa waya. Haoni madhara siku hiyo. Anayeyaona ni yule wa zamu ya mwezi ujao.

Shida hii ni ya zamani. Mjerumani Wilhelm Schmidt ndiye aliyefanikisha mvuke mkavu kwenye treni, na treni za kwanza za namna hiyo zilitembea kwao mwaka 1898. Treni ikiteremka mlima dereva anafunga mvuke, maana gari linajiendesha lenyewe. Lakini moto haujui kama mlima umekwisha. Basi treni nyingi za zamani ziliwekewa vifuniko vya kuziba njia ya moshi mkali kila mvuke ulipofungwa. Baadaye mafundi wengine waliacha vifuniko wakaweka vali ya kuvuta hewa, ili hewa ipite ndani ya mabomba badala ya mvuke. Ukipata nafasi ya kufika Nairobi, kwenye makumbusho ya reli, utaona jitu moja la chuma namba 5918, Mount Gelai, moja ya treni 34 zilizotengenezwa Manchester kwenye miaka ya 1955 na 1956 kwa njia ya Mombasa. Nayo ilikausha mvuke wake ndani ya moto.

Turudi kwenye sukari, maana ina ubaya wake wa pekee. Mvuke uliopika maji ya miwa hugeuka tena kuwa maji safi, nayo hurudishwa kwenye boila. Bomba la kupikia likitoboka, sukari inaingia katika maji hayo. Boila inayolishwa sukari inatoa povu kama sufuria ya maziwa, na povu linabebwa pamoja na mvuke hadi mabomba ya kukaushia. Huko maji yanakauka, uchafu unabaki umeshika ukuta wa ndani kama ukoko. Ukoko huo ni blanketi: joto linaingia kwenye chuma, lakini haliwezi kufika kwa mvuke. Ndiyo sababu maji yanayorudi hupimwa kila mara kama yana sukari, na yakiwa nayo yanamwagwa, hata kama ni ya moto na ya thamani.

Nje nako kuna mchanga. Miwa ya wakati wa mvua inakuja na matope, na mchanga wake unaruka na moshi, unasugua mabomba kama msasa. Majivu yakiziba nafasi moja kati ya mabomba, moshi unakimbilia nafasi nyingine kwa nguvu na kuyapiga yale ya huko peke yao. Tofali za moto zikidondoka, ulimi wa moto unaruka mahali usipopaswa kufika. Haya yote hutazamwa boila ikiwa baridi, kwa taa na kwa mkono.

Bomba lililoumia linasema, kama unajua kusoma. Likiwa limepinda katikati, limefura, au ganda lake linabanduka kama ganda la mti, limepita joto lake. Lililopasuka likafunguka kama mdomo wa samaki, na kingo zake nyembamba kama kisu, liliungua kwa dakika chache bila mvuke. Tafuta kizibo au moto wa haraka. Lililopasuka na kingo bado nene, bila kufura sana, liliteseka miaka, tafuta ukoko. Nyuzi kumi au ishirini tu juu ya kiwango, kila siku, zinaweza kulipunguzia bomba nusu ya umri wake.

Na wewe kijana unayejifunza kuunga vyuma, usidanganywe na umbo. Bomba la maji la dukani linaweza kuwa na upana ule ule, lakini mabomba mengi ya mvuke mkavu yana kromu na molibdeni ndani ya chuma chake ili yavumilie joto. Ukiweka la dukani, litashika jaribio la maji baridi vizuri kabisa, na mkubwa atakusifu. Kiisha litakuja kupasuka watu wakiwa karibu.

Likipasuka, jua pia kwamba mvuke mkavu hauonekani kwa macho. Ule mweupe unaouona mbali ni mvuke uliokwisha kupoa. Karibu na tundu utasikia mlio tu, huoni kitu, na mkono unaweza kukatika. Mafundi wa zamani hawakutafuta tundu kwa mkono. Walitembea pole pole na ufagio wenye mpini mrefu, wakiutanguliza mbele yao, mpaka vijiti vya ufagio vikatike na kuruka.