Kambove kwenye ramani: namna tovuti ndogo inavyoweza kuonyesha mgodi, kituo cha afya na mpaka wa kijiji

KAMBOVE, Haut-Katanga – Habari ya kolera ikitoka kijijini, swali la kwanza la msomaji ni moja: ni wapi? Mara nyingi jibu huandikwa kwa maneno tu: « karibu na mto », « nyuma ya mgodi », « ukivuka reli ». Aliyezaliwa pale anaelewa. Lakini mwuguzi aliye Likasi, ndugu aliye Lubumbashi na mtoto wa Kambove anayeishi Ubelgiji hawawezi kujua kama mto unaosemwa ni ule wanaoufikiria.

Ndiyo sababu tovuti nyingi za habari, za mashirika ya raia na za parokia zimeanza kuweka ramani ndani ya kurasa zao. Si picha ya ramani iliyokauka kama ile ya kitabu cha shule, ila ramani ambayo msomaji anaisogeza kwa kidole, anaikuza, anabonyeza alama na kusoma maelezo. Zamani kazi hiyo ilihitaji mtaalamu wa kompyuta. Leo kijana anayejua kuandika habari kwenye tovuti anaweza kuifanya kwa mchana mmoja, kwa kutumia programu ndogo ya kuongezea inayoitwa plagini.

Mji unaojulikana kwa madini, si kwa barabara zake

Kambove iko karibu kilomita 25 kutoka Likasi, upande wa kaskazini-magharibi. Reli iliyotoka Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, ilifika hapa mwaka 1913, miaka mitano kabla ya kufika Bukama. Ilifuata shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichimba, kisha Gécamines ikarithi kazi hiyo baada ya mwaka 1967. Tangu hapo wenye kampuni wamekuwa na ramani nzuri sana za ardhi ya Kambove, na kila mwamba wenye shaba au kobalti umepimwa. Mkaaji wa kawaida, kwa upande wake, hakupewa ramani ya mtaa wake.

Kilomita zipatazo 20 kusini mwa Kambove kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Wakati wa vita Wamarekani walifanya kila njia ili jina hilo lisijulikane. Katika nchi hii, kwa hiyo, kujua kitu kiko wapi hakujawahi kuwa jambo dogo. Kuna waliopata faida kwa kujua, na kuna waliofichwa.

Kadi ya benki ilivyokuwa kizuizi

Kwa miaka mingi, aliyetaka ramani kwenye tovuti alichukua ile ya Google. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilibadilisha masharti: mwenye tovuti anayetumia huduma yake ya watengenezaji alipaswa kuwa na ufunguo maalumu na akaunti ya malipo, hata kama matumizi yake ni madogo. Kwa Kambove hilo ni tatizo. Watu wengi wanatuma na kupokea pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na wenye kadi ya benki inayokubaliwa kwenye mtandao ni wachache.

Njia nyingine ipo, nayo haiombi kadi. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuisahihisha. Ya pili ni Leaflet, programu huria iliyotolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin, mtengenezaji programu kutoka Ukraine. Leaflet ndiyo inayofanya ramani isogee na ikuzwe ndani ya ukurasa. Plagini inaunganisha hizo mbili na tovuti, ili mwandishi asilazimike kuandika kodi ndefu.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Kwa tovuti inayotumia WordPress na inayoruhusu kuongeza programu, hatua si nyingi. Mwenye tovuti anaingia kwenye ukurasa wa usimamizi, anafungua sehemu inayoandikwa « Extensions » kwa Kifaransa, anatafuta plagini kama Leaflet Map, anaiweka na kuiwasha. Baada ya hapo, ndani ya habari anayoandika, anaweka mstari mfupi wa amri kwenye mabano ya mraba. Mstari huo unataja vitu vitatu: latitudo, longitudo na kiwango cha ukuzaji. Ramani inatokea pale pale. Mstari wa pili unaongeza alama, na maneno yanayoandikwa ndani yake ndiyo msomaji atakayoyaona akibonyeza.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kambove iko kwenye latitudo 10.87 kusini na longitudo 26.60 mashariki. Kwa kompyuta, kusini mwa ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa: -10.87. Ukisahau alama hiyo, Kambove inahamia Darfur, nchini Sudan. Ukigeuza namba, ya pili ikawa ya kwanza, mji unaangukia jangwani, Sahara Magharibi. Kosa hilo la pili ni rahisi kufanywa, kwa sababu Leaflet inaanza na latitudo, lakini faili za GeoJSON, zinazotumika kuchora mipaka na barabara, zinaanza na longitudo.

Jambo lingine ni tarakimu baada ya nukta. Hatua moja ya tarakimu ya pili ni kama kilomita 1 ardhini. Hatua moja ya tarakimu ya nne ni kama mita 11. Kwa kuonyesha mji, tarakimu mbili zinatosha. Kwa kuonyesha kisima au mlango wa kituo cha afya, zinahitajika nne au zaidi. Namba hizo zinapatikana kwenye simu: GPS ya simu inasoma mahali ilipo hata bila mega, mradi mtu asimame nje, mbali na paa la bati, na kusubiri kidogo.

Asiye na uwezo wa kuweka plagini anaweza kutumia uMap, huduma inayomruhusu mtu kuchora ramani yake juu ya OpenStreetMap, kisha kunakili mstari mmoja na kuubandika kwenye tovuti. Katika njia zote, sharti moja halibadiliki: chini ya ramani lazima ionekane kwamba data ni za washiriki wa OpenStreetMap. Hiyo ndiyo bei pekee ya kutumia kazi yao.

Mifano haiko mbali

Mnamo Januari 2008, wakati Kenya ilipokuwa kwenye fujo za baada ya uchaguzi, kikundi cha Wakenya na marafiki zao kilitengeneza tovuti ya Ushahidi. Raia walituma taarifa za mashambulizi, nazo zikawekwa kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka huohuo programu hiyo ilitumiwa kwa ajili ya vita vya mashariki mwa Kongo. Mwaka 2017, Kivu Security Tracker, iliyoanzishwa na kundi la utafiti la Congo Research Group pamoja na Human Rights Watch, ilianza kuweka kwenye ramani mauaji na utekaji nyara katika Kivu. Shirika la IPIS la Antwerp, Ubelgiji, nalo limekuwa likionyesha machimbo ya wachimbaji wadogo wadogo mashariki mwa nchi.

Lubumbashi nayo ina historia yake. Mwaka 2014, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza na kundi la Humanitarian OpenStreetMap Team, walianzisha mradi wa Missing Maps. Lubumbashi ulikuwa kati ya miji ya kwanza. Wajitolea walio mbali walichora nyumba na barabara kwa kutazama picha za satelaiti. Lakini satelaiti haijui jina la barabara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ndio waliozunguka na karatasi mkononi, wakiuliza wakaaji na kuandika majina. Bila wao, mji ungekuwa mistari isiyo na maana, na aliyeugua kolera angebaki bila anwani.

Asilimia 15 na swali la mpaka

Kwa Kambove kuna sababu nyingine ya kujali ramani, nayo ni pesa. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia hizo 15 zinaweza kujenga shule au kuchimba visima. Lakini zinamfikia nani? Jibu linategemea mgodi uko upande gani wa mpaka, iwe ni mji, sekta au utemi wa kimila. Mkaaji asiyejua mpaka wake hawezi kuuliza kuhusu pesa zake.

Sehemu ya habari hizo iko wazi tayari. Ofisi ya kadasta ya madini, CAMI, ina ramani kwenye mtandao inayoonyesha vibali vyote, nani anavimiliki na vinaisha lini. Kila kibali kinahesabiwa kwa miraba, na mraba mmoja una hektari 84.955. Tovuti ya mahali inaweza kuchukua mipaka hiyo na kuiweka pamoja na vijiji, shule na mito. Hapo ndipo mkaaji anapoona kwa macho yake kama shamba lake liko ndani ya kibali cha kampuni au nje.

Si kila kitu huwekwa kwenye ramani

Alama kwenye ramani inaweza pia kumwumiza mtu. Nyumba ya mwanamke aliyebakwa, mahali anapolala shahidi, njia ya usiku ya wachimbaji wasio na kibali: hayo hayawekwi. Ikilazimu kuonyesha eneo, ni heri kuacha tarakimu moja au mbili tu baada ya nukta, ili alama ionyeshe upande wa kijiji na si mlango wa nyumba. Na mpaka unaogombaniwa kati ya watemi wawili usichorwe kama mstari wa kweli. Uandikwe kwamba una mgogoro.

Jambo la mwisho ni uzito. Ramani hizi zinatumwa kwa vipande vya mraba, na kila hatua ya ukuzaji inazidisha idadi ya vipande vya eneo lilelile mara nne. Msomaji anayenunua mega kidogo kidogo atachoka ikiwa ukurasa mmoja una ramani tano. Moja inatosha, iwekwe katikati ya habari, na chini yake maneno yaseme tena mahali penyewe, ili hata ambaye ramani imekataa kufunguka apate jibu.

Anayetaka kuanza hana haja ya kusubiri mradi mkubwa. Aanze na vituo vya afya na visima vya mtaa wake. Avitembelee kwa miguu, asome namba kwenye simu, aulize wazee jina la kila mahali, kisha aviweke. Gazeti la mahali likifanya hivyo kwa kila habari, baada ya mwaka mmoja Kambove itakuwa na ramani isiyotokana na shaba tu. Na siku ugonjwa utakapoingia kijijini, atakayeuliza « ni wapi? » ataonyeshwa.