Kuwaongezea Wanyama Damu: Hifadhi Yake na Hatari Zake

Ng'ombe wa maziwa aliyeshikwa na ndigana baridi huweza kupoteza zaidi ya nusu ya chembe nyekundu za damu yake kabla mwenyewe hajatambua kwamba uvivu ule si uchovu wa kawaida. Vijidudu viitwavyo Anaplasma marginale, ambavyo huletwa na kupe, na nzi waumao, na hata na sindano iliyotumiwa kwa mnyama mmoja kisha kwa mwingine bila kuchemshwa, hujipenyeza ndani ya chembe nyekundu. Nayo bandama, katika kuusafisha mwili, huziteketeza chembe zote zilizoambukizwa. Mkojo haugeuki kuwa mwekundu, kama ilivyo katika ugonjwa wa kukojoa damu, kwa sababu chembe hazipasukii ndani ya mishipa. Dalili ni ufizi na utando wa ndani wa kope kuwa mweupe, pengine wenye umanjano, na mnyama kuhema sana kila atembezwapo.

Dawa za jamii ya tetrasaiklini huvizuia vijidudu visiendelee kuzaana, lakini haziwezi kurudisha chembe zilizokwisha kupotea. Kwa hiyo mnyama aliyetibiwa barabara aweza kufa siku ya pili au ya tatu, naye hafi kwa wingi wa vijidudu, bali kwa kukosa oksijeni mwilini. Hapo ndipo linapozuka swali la kumwongezea damu. Kwa familia yenye ng'ombe mmoja tu, ambaye maziwa yake ndiyo karo ya shule, swali hilo ni zito.

Wazo lenyewe ni la kale, na lilijaribiwa kwa wanyama kabla ya watu. Katika miaka ya 1660 tabibu Richard Lower wa Oxford alimtoa mbwa damu hadi akakaribia kufa, kisha akamhuisha kwa damu iliyopita katika bomba moja kwa moja kutoka katika mshipa wa mbwa mwingine. Mwaka 1667 Jean-Baptiste Denys wa Paris alivuka mpaka ambao haukufaa kuvukwa: alimtia kijana damu ya mwana-kondoo. Kijana yule alipona, yamkini kwa sababu kiasi kilikuwa kidogo. Mgonjwa mwingine, aliyetiwa damu ya ndama, alitoka jasho, akaumwa viuno, na mkojo wake ukawa mweusi kama masizi. Leo mwanafunzi wa sekondari aweza kueleza kilichotokea: chembe ngeni zilikuwa zikipasuliwa kwa wingi, na rangi yake ikitokea katika figo. Mgonjwa huyo alipofariki mwaka 1668 palikuwa na kesi, na shughuli hiyo ikaachwa kwa karne moja na nusu. Sababu ya kisayansi ilianza kufahamika mwaka 1901 tu, Karl Landsteiner wa Vienna alipoonyesha kwamba damu za watu zimegawanyika katika makundi.

Wanyama nao wana makundi yao, na hayafanani na yale ya binadamu wala hayafanani baina ya mnyama na mnyama. Juu ya utando wa kila chembe nyekundu zimo alama za protini na sukari, na mwili huzitambua alama zake wenyewe na kuzipinga za kigeni kwa kutengeneza kingamwili. Tofauti kubwa iko katika jambo hili: je, kingamwili hizo zipo tangu awali, au hutengenezwa baada tu ya mwili kukutana na damu ngeni? Paka ni wa aina ya kwanza. Makundi yake makuu ni A, B, na AB, na paka wa kundi B huwa na kingamwili kali dhidi ya A ingawa hajapata kutiwa damu maishani mwake. Mililita chache tu za damu ya A zaweza kumwua. Mbwa, kinyume chake, kwa kawaida hana kingamwili za asili zenye nguvu dhidi ya kundi liitwalo DEA 1, ambalo ndilo la hatari zaidi kwake, na hivyo damu ya mara ya kwanza aghalabu humpitia salama. Lakini siku kadhaa baadaye mwili wake umekwisha kujifunza, na damu ya mara ya pili yaweza kumletea maafa.

Ng'ombe ana mifumo 11 ya makundi, na mmoja tu kati ya hiyo, mfumo B, una alama zaidi ya 60. Ukizichanganya alama hizo kwa namna zote ziwezekanazo, wapata idadi kubwa kiasi kwamba kumpata ng'ombe mtoaji aliye sawa kabisa na mpokeaji ni karibu na muhali, isipokuwa kwa pacha. Wala kipimo cha kuchanganya damu za wawili hao juu ya kioo hakisaidii sana, kwa kuwa chembe za ng'ombe hazishikamani kwa urahisi kama za binadamu. Maabara hulazimika kutazama kama chembe zinapasuka, tena kwa kuongeza majimaji ya damu ya sungura ili kingamwili zipate nguvu ya kufanya kazi. Bahati njema ni kwamba ng'ombe wachache tu huwa na kingamwili za asili za kutisha, kwa hiyo katika zizi la kijijini damu ya kwanza hutolewa bila kipimo hicho, nayo kwa kawaida hupokewa.

Tuje sasa kwenye hifadhi. Damu ikitoka mshipani huganda kwa dakika chache, na mnyororo wa kuganda hauwezi kukamilika bila kalsiamu. Sitrati, ambayo ni chumvi ya asidi ileile iyapayo malimau ukali wake, huikamata kalsiamu na kuizuia isishiriki. Mwaka 1914 Albert Hustin wa Brussels na Luis Agote wa Buenos Aires waliitumia kwa wagonjwa, na mwaka uliofuata Richard Lewisohn wa New York akaonyesha kiasi kisichodhuru. Lakini damu isiyoganda siyo damu iliyohifadhiwa. Chembe nyekundu ni kitu hai, na kitu hai hula. Peyton Rous na J. R. Turner waliongeza sukari katika sitrati, na mwaka 1916 wakaonyesha kwamba chembe za sungura zilizokaa katika baridi kwa majuma mawili hivi ziliweza kurudishwa mwilini na kufanya kazi. Msingi wa benki zote za damu, za watu na za wanyama, uko katika jaribio hilo la sungura.

Michanganyiko ya leo ina sitrati, fosfati, sukari ya dekstrosi, na adenini. Damu nzima ya mbwa iliyotiwa humo, ikiwekwa katika jokofu kati ya nyuzi 1 na 6 za sentigredi, hufaa kwa majuma manne hadi matano. Joto likizidi, chembe humaliza chakula chao upesi na bakteria huzaana. Likishuka chini ya sifuri, maji hugeuka kuwa barafu na ncha zake huzitoboa chembe. Kwa hiyo mfuko ulioegemea ukuta wenye barafu wa jokofu la chanjo umeharibika, hata kama kipimajoto cha mlangoni chasoma nyuzi 4. Plazima, yaani majimaji yasiyo na chembe, hufuata kanuni nyingine: hugandishwa mapema baada ya damu kutolewa, chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na hubaki na protini zake za kugandisha damu kwa mwaka mzima. Chembe sahani nazo hazipendi baridi kabisa. Hukaa katika joto la chumba, zikitikiswa pole pole, kwa siku chache tu.

Katika jokofu damu haikai bila kubadilika. Asidi huongezeka, nguvu hupungua, na potasiamu hutoka ndani ya chembe kuingia katika majimaji, jambo liwezalo kuudhuru moyo wa mpokeaji. Hapa kuna ajabu moja ya maumbile ambayo walimu wa bayolojia wataipenda. Chembe za mbwa wengi zina potasiamu kidogo tangu mwanzo, maana zinapokomaa hupoteza ile pampu ya utando isukumayo sodiamu nje na potasiamu ndani; hivyo hatari hiyo ni ndogo kwao kuliko kwa binadamu. Lakini baadhi ya mbwa wa asili ya Japani, kama Akita, huibakiza pampu hiyo, na damu yao ikilazwa jokofuni hujaa potasiamu.

Kasoro ya jokofu kubwa zaidi ni kwamba wako bakteria wanaostahimili baridi. Mwaka 1997 ilichapishwa Marekani taarifa ya damu ya paka iliyoingiliwa na Serratia marcescens katika benki ya hospitali ya wanyama. Damu ya namna hiyo aghalabu hugeuka rangi na kuwa nyeusi-kahawia, kwa kuwa bakteria wameila oksijeni yake. Ndiyo maana mfuko hutazamwa kwenye mwanga kabla ya kutumiwa, na unaotiliwa shaka hutupwa bila majadiliano.

Nchini Uingereza sheria iliyoruhusu benki za damu ya wanyama ilipitishwa mwaka 2005, na benki ya wanyama wa nyumbani ikafunguliwa mwaka 2007. Kwa zizi la ng'ombe, hata hivyo, benki iliyo bora ni ng'ombe mwingine aliyesimama karibu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Damu ya mgonjwa huzungushwa katika mashine ili chembe zijikusanye chini ya mrija, na kina chao husomwa kwa asilimia. Ng'ombe mzima huwa na 24 hadi 46; akishuka chini ya 12 hivi, uhai wake u mashakani. Tuseme mgonjwa ana kilo 350 na kiwango cha 9, na yatakiwa afikishwe 15. Kwa kukadiria mililita 80 za damu kwa kila kilo, ana mililita 28,000. Tofauti ya 6 ikigawanywa kwa 30, ambacho ndicho kiwango cha mtoaji, na kuzidishwa kwa 28,000, yapatikana 5,600, yaani lita 5.6. Mtoaji aweza kutoa mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Maksai wa kilo 400 atafikia kiasi hicho kwa shida kidogo, na yafaa kuwatumia wawili. Kila sehemu 9 za damu huchanganywa na sehemu moja ya sitrati ya asilimia 3.8, chombo kikizungushwa kwa upole, na damu hiyo isiyo na sukari hutumiwa papo hapo.

Mgonjwa asikimbizwe wala asiangushwe kwa kamba. Ng'ombe wengi wenye upungufu mkubwa wa damu wamekufa wakati wa kukamatwa, kabla sindano haijagusa ngozi, kwa kuwa moyo uliokuwa ukihimili kusimama haukuhimili kushindana. Damu hupitishwa katika chujio na kutiwa katika mshipa mkubwa wa shingo, polepole sana kwa robo saa ya kwanza, huku mtu mmoja akiwa na kazi ya kutazama tu. Mnyama akitetemeka, akikohoa, akitokwa na mate, akiwa na vivimbe vya ngozi, au pumzi ikibadilika, mpira hufungwa mara moja, na adrenalini iwe tayari mkononi. Mambo yakiwa shwari, kazi nzima huchukua yapata saa mbili au tatu. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaweza kupita katika mpira huo huo. Maji ya Ringer hayafai, kwa kuwa yana kalsiamu, na damu itaganda mle mle njiani.

Liko swali ambalo bwana mifugo huulizwa kila mara: mtoaji atoke wapi? Ng'ombe aliyepona ndigana baridi hubaki na vijidudu kwa muda mrefu, aghalabu maisha yake yote, akiwa na afya njema machoni pa watu. Jokofu halivitibu, kinyume chake, maabara huvihifadhi vijidudu vya aina hiyo kwa baridi kali kwa makusudi. Huko Queensland, Australia, chanjo ya maradhi ya kupe iliyotengenezwa kwa damu ya ndama ilieneza virusi vya saratani ya damu ya ng'ombe katika miaka ya 1980, kwa sababu ndama mtoaji alikuwa navyo. Kwa hiyo mtoaji hutafutwa katika kundi lile lile la mgonjwa, ambalo limeumwa na kupe wale wale, wala haletwi kutoka mbali. Na damu yake hupimwa kwa darubini kwanza, pakiwapo darubini.

Chembe za kuazima hudumu katika mwili wa ng'ombe siku mbili hadi nne tu, ilhali zake mwenyewe huishi zaidi ya miezi minne. Muda huo mfupi watosha, kwa kuwa uboho wa mifupa huhitaji siku kama hizo ili uanze kumwaga chembe mpya. Lakini baada ya juma moja damu ya mtoaji yule yule haitiwi tena. Tarehe na mtoaji huandikwa katika daftari la zizi, kwani kingamwili alizozitengeneza mama zaweza kuingia katika dang'a, na ndama aliyerithi kutoka kwa fahali alama zilezile huzaliwa mzima, hunyonya, kisha chembe zake zikaanza kupasuka. Pale ambapo daftari linaonyesha hatari hiyo, ndama hupewa dang'a ya ng'ombe mwingine kwa siku mbili za kwanza, na mama yake hukamuliwa kando.